Majengo ya Umma Mji Mkongwe: Je, Kuba Inatosha?

Mgeni apitaye Vuga na Mnazi Mmoja, Unguja, huiona Mahakama Kuu (1908) na Beit el-Amani (1925) akadhani ni ujenzi wa wazee wetu. Yote mawili yalichorwa na Mwingereza, J. H. Sinclair, ofisa wa utawala wa kikoloni. Kuba zile hazikutoka Unguja. Misikiti ya kale ya Mji Mkongwe, ya Ibadhi na ya Sunni, mingi haina hata mnara. Ukipita nje waweza kudhani ni nyumba ya mtu.

Tusimdhulumu Sinclair, alitaka jengo jipya lifanane na mji. Lakini yeye alitazama sura. Mafakihi walitazama dharura ya jirani. Ibn al-Rami, mwashi wa Tunis katika karne ya 8 Hijria, ambaye makadhi walimtegemea kukagua magomvi ya ujenzi, aliandika kitabu kizima cha hukumu hizo kwa madhehebu ya Malik: kuta za shirika, njia kubanwa, madirisha.

Kwa mizani hiyo hata Beit el-Ajaib ya Sayyid Barghash (1883), iliyoporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, ina la kujibu, kwa roshani zake ndefu juu ya paa za watu. Imepokewa kwamba chumba cha ghorofani kilipojengwa Fustat, Sayyidna Umar (r.a.) aliamuru kiwekwe kitanda ndani, asimame juu yake mtu wa kimo cha wastani. Akiweza kuchungulia kwa jirani, dirisha hilo halikubaliki.