Jinsi ndege ya kivita inavyong'amua kombora

WAKAZI wa Eastleigh, Mathare na mitaa mingine ya Eastlands, Nairobi, wamezoea kuona ndege za kijeshi zikipaa na kutua katika kambi ya wanahewa ya Moi Air Base.

Miongoni mwa ndege za Jeshi la Wanahewa la Kenya zimo zilizoundwa Uchina, kama vile Y-12 ya uchukuzi na helikopta ya Z-9. Jirani zetu wa Tanzania wamekuwa na ndege ya kivita ya J-7, ambayo Uchina iliiunda kwa kufuata MiG-21 ya Urusi.

Lakini je, rubani hujuaje kwamba amerushiwa kombora?

Kifaa cha kwanza ni kipokezi cha mawimbi ya rada. Rada ya adui inapoilenga ndege, kifaa hicho huyanasa mawimbi yake na kumwonya rubani.

Hata hivyo, kombora linalofuata joto la injini halitoi mawimbi yoyote. Kipokezi hicho hubaki kimya hadi dakika ya mwisho. Kwa sababu hiyo, ndege huhitaji vihisi vya aina nyingine.

Viko vya aina tatu. Vya kwanza hutambua miale ya urujuanimno itokayo kwenye moto wa kombora. Vya pili hutambua joto lake. Vya tatu ni rada ndogo zinazopima kasi ya kitu kinachokaribia.

Kompyuta ikishathibitisha hatari, rubani hupewa onyo, na ndege hutupa fataki za moto mkali ili kombora lizifuate.

J-7 ni ndege ya miaka ya 1960, wakati vihisi vya namna hii havikuwa jambo la kawaida. Ndege mpya za Uchina, zikiwemo J-10C na J-16, zimewekewa vihisi vya kuonya dhidi ya makombora. J-20, iliyoruka kwa mara ya kwanza Januari 2011, ina vihisi vya macho vilivyopangwa kuizunguka ili rubani aone pande zote.

Wakenya hawahitaji kwenda mbali kupata umuhimu wa onyo hilo. Mnamo Novemba 28, 2002, magaidi waliirushia makombora mawili ya Strela-2 ndege ya abiria ya shirika la Arkia la Israel, ilipokuwa ikipaa kutoka uwanja wa Moi, Mombasa. Ndani mlikuwa na abiria 261.

Makombora yote mawili yaliikosa, na ndege ikafika Tel Aviv salama. Siku hiyo hiyo, hoteli ya Paradise, Kikambala, ilishambuliwa kwa bomu na watu 13 wakauawa, mbali na washambulizi.

Strela-2 huenda kwa kasi inayozidi mita 400 kwa sekunde. Kwa umbali wa kilomita mbili, rubani ana takriban sekunde tano pekee.

Baadaye Israel iliziwekea ndege zake za abiria vifaa vya kujikinga, ukiwemo mtambo wa C-MUSIC unaotumia leza kulipotosha kombora.

Kombora la begani halifiki mbali, hivyo mrushaji hulazimika kujificha karibu na uwanja, mahali ndege inapopita chini. Ndiyo sababu ulinzi wa ndege huanzia katika mashamba na mitaa inayopakana na uwanja, kabla ya vihisi kufanya kazi yake.