Mustakabali wa kitabu cha karatasi Taita Taveta

MWAKA 1895, kabla ya reli ya Uganda kuanza kujengwa kutoka Mombasa, wamishonari wa shirika la CMS waliokuwa Taveta walianza kutoa kijarida kilichoitwa Taveta Chronicle. Kiliandikwa kwa Kiingereza, na wasomaji wake walikuwa wachache. Hata hivyo, wanaosimulia historia ya uanahabari nchini Kenya hukitaja miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa, pamoja na mwasisi wake, Kasisi Steggall.

Nakala zilizohifadhiwa maktabani zingali zinasomeka zaidi ya karne moja baadaye. Hazihitaji umeme wala neno la siri. Je, ni tovuti ngapi zilizofunguliwa nchini mwaka 2005 ambazo msomaji anaweza kuzipata leo? Swali hilo linafaa kuulizwa kila mtu anapotangaza kwamba zama za kitabu cha karatasi zimekwisha.

Tangazo lenyewe si geni. Katika kampeni za mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliahidi tarakilishi kwa kila mtoto anayeingia Darasa la Kwanza. Mwaka 2016 vishikwambi vikaanza kupelekwa katika shule za msingi, na hatimaye idadi yake ikapita milioni moja kote nchini. Wengi walidhani kitabu kimepata mrithi.

Kumbe sivyo. Mwaka 2018 serikali hiyo hiyo ilianza kununua mamilioni ya vitabu vya karatasi moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni, lengo likiwa kila mwanafunzi awe na kitabu chake katika kila somo. Kishikwambi kinahitaji umeme, fundi na mwalimu aliyefunzwa kukitumia. Kitabu kinahitaji jalada la gazeti kuukuu na mtoto mwangalifu.

Katika kaunti kama Taita Taveta, tofauti hiyo ina uzito. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 340,671 katika eneo la kilomita mraba zipatazo 17,000, na zaidi ya nusu ya eneo hilo ni mbuga za Tsavo. Baadhi ya makazi yako milimani Wundanyi na mengine yametawanyika nyanda za chini. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19, masomo yalihamishiwa redioni, kwenye televisheni na mtandaoni. Familia isiyokuwa na simu ya kisasa ilibaki na redio na vitabu vilivyokuwa nyumbani.

Mpango huo wa 2018, pamoja na manufaa yake, ulimwacha pabaya mwenye duka la vitabu. Awali, shule zilipokea fedha na kununua vitabu kwa wauzaji wa mijini, Voi ikiwemo. Sasa lori la serikali humpita mlangoni. Isitoshe, Sheria ya VAT ya mwaka 2013 ilikuwa tayari imeongeza ushuru wa asilimia 16 juu ya bei ya vitabu. Muuzaji aliyetegemea vitabu vya shule kulipia kodi ya duka hana tena uwezo wa kuweka rafuni diwani ya mashairi ambayo huenda ikanunuliwa mara moja kwa mwaka. Aidha, nakala haramu za vitabu teule vya fasihi husambazwa kwa simu, kinyume cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na mwandishi hapati hata senti.

Maktaba ingeweza kuziba pengo hilo. Shirika la kitaifa la maktaba, KNLS, liliundwa kwa sheria ya bunge mwaka 1965, na Voi na Wundanyi ni miongoni mwa miji iliyopata matawi yake. Katiba ya mwaka 2010 imeorodhesha maktaba kati ya majukumu ya serikali za kaunti. Kwa hiyo suala la vitabu vipya linapaswa kuulizwa pia katika bunge la kaunti, na si Nairobi pekee.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, kitabu cha shule hakimo hatarini, kwa kuwa mtihani unakilinda. Kilicho hatarini ni kile kisichotahiniwa, hasa kilichoandikwa kwa Kidawida, Kisagalla au Kitaveta.

Tazama vitabu maarufu kuhusu eneo hili. J. A. Wray, mmishonari wa Sagalla, alichapishiwa London mwaka 1894 kitabu cha utangulizi wa lugha ya wenyeji. P. G. Bostock aliandika kuhusu Wataita mwaka 1950, Grace Harris akaandika kuhusu dini yao mwaka 1978, naye Bill Bravman akaandika historia yao mwaka 1998. Ni kazi zenye thamani, lakini zote ziliandikwa na wageni na kwa Kiingereza. Bibi wa Werugha anayejua majina ya miti ya dawa na miiko ya misitu mitakatifu ya fighi hakuandikiwa yeye.

Sababu ni hesabu tu. Gharama ya kuhariri na kupanga kurasa za kitabu cha shule hugawanywa kwa maelfu na maelfu ya nakala. Kitabu cha Kisagalla hakina soko hilo, na mchapishaji wa kibiashara hawezi kulaumiwa kwa kukikataa.

Hapa ndipo teknolojia inapoweza kukiokoa kitabu cha karatasi. Mitambo ya kidijitali huwezesha kuchapa nakala 50 au 100 bila gharama ya kuandaa sahani za chuma, na faili hubaki tayari nakala zaidi zikihitajika. Kampuni kama eKitabu, iliyoanzishwa nchini mwaka 2012, zimeonyesha kwamba vitabu vya kielektroniki vinaweza kuuzwa hapa hapa. Vilevile, Kifungu cha 7 cha Katiba kinaitaka serikali kukuza lugha za kiasili, na mtaala wa CBC umezipa nafasi katika madarasa ya chini. Nafasi hiyo inahitaji vitabu.

Anayetaka kuchapisha mwenyewe huomba nambari ya ISBN kutoka KNLS. Sheria ya Vitabu na Magazeti, Sura ya 111, humtaka mchapishaji kuwasilisha nakala kwa msajili. Ni vyema pia kupeleka nakala mbili katika maktaba ya Voi au Wundanyi, hata kama kitabu kitauzwa kwa simu pekee. Simu huharibika na akaunti hufungwa. Mchwa nao hula daftari lililowekwa chini ya kitanda, na katika nyumba nyingi za Taita daftari hilo ndilo nakala pekee ya nasaba ya ukoo.