Soriasisi ya miguu: kiatu kisichoumiza ni sehemu ya tiba

Kwa mtu mwenye ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi kwenye nyayo, kuchagua kiatu cha kuvaa asubuhi si jambo la urembo. Kiatu kinachobana au kusugua chaweza kuzusha mabaka mapya, kupasua ngozi na kumzuia mtu kwenda shambani, sokoni au shuleni. Hata hivyo, kiatu kinachofaa si lazima kiwe cha bei kubwa. Kinachohitajika ni kujua mguu unaumizwa na nini, na kukikagua kiatu kwa jicho hilo.

Ugonjwa wenyewe

Soriasisi ni ugonjwa wa muda mrefu unaotokana na hitilafu katika kinga ya mwili. Kwa kawaida seli za ngozi huchukua takriban mwezi mmoja kuzaliwa, kupanda juu na kubanduka. Kwa mwenye soriasisi, safari hiyo hukamilika kwa siku chache tu, hivyo seli hurundikana na kuwa mabaka mazito yenye magamba. Vitabu vingi huyaeleza mabaka hayo kuwa mekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi mara nyingi huonekana ya zambarau, ya kijivu au ya kahawia iliyokoza.

Ugonjwa ukishuka miguuni, ngozi ya unyayo huwa nene na ngumu, kisha hupasuka na wakati mwingine kutoka damu. Baadhi ya wagonjwa hupata vipele vidogo vyenye usaha ambao hautokani na vijidudu. Kucha nazo huweza kuwa na vishimo, kubadilika rangi au kuinuka kutoka kwenye nyama.

Soriasisi haiambukizi. Haipiti kwa kushikana mikono, kulala kitanda kimoja wala kuacha viatu mlango mmoja. Mwezi Mei 2014, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, WHO, zilipitisha azimio linaloutambua kuwa ugonjwa sugu, usioambukiza, wenye maumivu na usio na dawa ya kuuponya kabisa, na kuzitaka serikali zipambane na unyanyapaa. Siku ya kimataifa ya ugonjwa huu huadhimishwa kila tarehe 29 Oktoba.

Katika ukanda wetu, wengi hudhani wana magaga ya kawaida au fangasi, na hupaka dawa ya fangasi kwa miezi bila nafuu. Mtaalamu huweza kutofautisha kwa kukwangua magamba kidogo na kuyachunguza kwa hadubini. Wataalamu hao si wengi, ingawa tangu mwaka 1992 kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC, mjini Moshi, kaskazini mwa Tanzania, kimekuwa kikiwafundisha wahudumu wa afya kutoka nchi mbalimbali za Afrika.

Kwa nini kiatu kina uzito

Katika karne ya 19, daktari wa Ujerumani Heinrich Köbner alieleza jambo ambalo hadi leo hubeba jina lake: ngozi ya mwenye soriasisi ikijeruhiwa, hata kwa mkwaruzo mdogo, ugonjwa unaweza kuchipuka mahali palipojeruhiwa. Mara nyingi baka hilo hutokea siku 10 hadi 20 baada ya jeraha.

Hapo ndipo wengi hupotea. Mtu huvaa viatu vipya vya kubana siku ya harusi, kisha wiki mbili baadaye huona baka jipya kwenye kisigino. Viatu amekwisha kuvisahau, naye hulaumu chakula au maji ya kuogea. Anayeandika tarehe aliyovaa kiatu fulani na tarehe baka lilipotokea huweza kumtambua adui wake mapema zaidi.

Maadui wakuu ni watatu: msuguano, mbano na jasho. Msuguano huchubua, mbano hukandamiza kucha na vidole, na jasho lililofungiwa ndani hulainisha ngozi hadi ichubuke kwa urahisi.

Wako wanaoamua kuachana na viatu na kutembea pekupeku. Hilo si suluhisho. Ngozi iliyopasuka ni mlango wa vijidudu, na udongo wa ukanda huu una funza na minyoo ya safura. Katika nyanda za juu zenye udongo mwekundu wa volkano, zikiwemo za Rwanda na Uganda, kutembea bila viatu kwa miaka mingi huweza pia kuleta uvimbe wa miguu unaofanana na matende.

Kupima kabla ya kulipa

Miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga, kwa hiyo kiatu kinunuliwe alasiri, nacho kijaribiwe na soksi zitakazovaliwa. Ni watu wachache wenye miguu miwili inayolingana kabisa, hivyo kipimo kifuate mguu mkubwa. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono.

Njia rahisi kwa wanaonunua sokoni ni kusimama juu ya karatasi, kuuchora mguu wote, kuikata karatasi hiyo na kuiingiza ndani ya kiatu. Karatasi ikijikunja pembeni, kiatu ni chembamba, hata kama namba yake ni ile ile ya siku zote. Kisha mkono uingizwe ndani na kupapasa kila upande: mshono uliosimama, msumari au gundi iliyokauka ambayo vidole vya mkono vinaigusa, mguu utaigusa mara maelfu kwa siku.

Muuzaji akisema kiatu kitalegea chenyewe kikivaliwa, asisikilizwe. Kwa mguu wenye soriasisi, kiatu kiwe tulivu tangu siku ya kwanza. Kiwe na mbele pana, kisigino kifupi, soli inayofyonza kishindo, na kamba au mkanda wa kulegeza mguu unapovimba. Kiatu kikubwa kupita kiasi nacho hakifai, kwani mguu huteleza ndani na kusuguka. Viatu vya mchuchumio husukuma uzito wote mbele, mahali ambapo mara nyingi ngozi imekwisha kupasuka.

Viatu vya sokoni kwetu

Ngozi laini na turubai hupitisha hewa kuliko plastiki. Hata hivyo, ngozi nyingi husindikwa kwa chumvi za kromiamu, na mpira huchanganywa na kemikali ambazo baadhi ya watu huwa na mzio nazo. Upele ukifuata mstari wa mkanda juu ya mguu, mzio ushukiwe. Mtu mmoja aweza kuwa na mzio na soriasisi kwa pamoja.

Kandambili zinafaa bafuni, lakini si kwa safari: gidamu yake husugua katikati ya vidole na soli yake ni nyembamba. Katambuga za tairi hudumu, ila kingo zake ni kali na zinahitaji kuwekewa ngozi laini au kitambaa kinene. Buti za mpira haziepukiki kwa anayelima bondeni, lakini zivaliwe na soksi nene, zivuliwe wakati wa mapumziko, na jioni zikaushwe zikiwa zimeinamishwa.

Viatu vya mitumba huwa laini kwa kuwa vimekwisha kuvaliwa, lakini vimechukua umbo la mguu wa mwingine. Soli iliyolika upande mmoja itaupinda mguu wa mvaaji mpya. Vikinunuliwa, vioshwe, vikaushwe juani, na soli ya ndani ibadilishwe, kwa sababu fangasi, tofauti na soriasisi, huambukiza. Nchini Rwanda, ambako ushuru wa mitumba ulipandishwa mwaka 2016, na kwingineko ambako kiatu kizuri ni ghali, fundi viatu ni msaada mkubwa. Anaweza kupanua mahali panapobana, kulaza mshono, kuongeza mkanda au kuweka soli laini ya ndani. Mteja apake chaki mahali panapomuumiza, ili fundi asibahatishe.

Soksi, maji na mafuta

Soksi zisiwe na mshono mnene kwenye vidole wala mpira unaokaza. Zikilowa jasho zibadilishwe, hata mara mbili kwa siku. Mwenye uwezo wa kuwa na jozi mbili za viatu avivae kwa zamu, ili kila jozi ipate siku nzima ya kukauka.

Kwa Waislamu wanaotawadha mara kadhaa kwa siku, tahadhari iko baada ya udhu: miguu ikaushwe kwa kitambaa laini, hasa katikati ya vidole, kabla ya kuvaa soksi na viatu. Vivyo hivyo kwa wafua nguo, waosha magari na wote ambao kazi yao ni ya maji.

Usiku, miguu iloweshwe kwa muda mfupi katika maji ya vuguvugu, ikaushwe, kisha ipakwe mafuta ya mgando na kuvishwa soksi za pamba. Ngozi nene isikatwe kwa wembe wala kusuguliwa kwa jiwe hadi iume, kwani jeraha hilo laweza kuzaa baka jingine. Ziko dawa za kupaka zinazolainisha magamba, zenye yurea au asidi ya salisiliki, na mfamasia anaweza kueleza matumizi yake. Krimu za kujichubua zenye steroidi kali zisitumiwe bila usimamizi wa tabibu.

Shuleni na kazini

Mtoto anayelazimika kuvaa kiatu cheusi kigumu cha sare, au mlinzi anayesimama usiku kucha ndani ya buti, hana uhuru wa kuchagua. Barua fupi ya tabibu inayoeleza kwamba ugonjwa hauambukizi na kwamba mguu unahitaji kiatu laini au cha wazi yaweza kumfungulia mlango. Mzazi asingoje mtoto aanze kuchechemea, au kukwepa michezo kwa kuona haya kuvua viatu mbele ya wenzake.

Wakati wa kumwona daktari

Kiatu hupunguza maumivu na mabaka mapya, lakini hakichukui nafasi ya tiba. Zipo dawa za kupaka, tiba ya mwanga na dawa za kumeza au sindano, ambazo daktari huzichagua kulingana na ukali wa ugonjwa.

Mgonjwa asichelewe iwapo kisigino kinauma na kukakamaa kila asubuhi, au kidole kizima cha mguu kimevimba. Hadi theluthi moja ya wenye soriasisi huweza kupata ugonjwa wa viungo unaoambatana nayo, na usipotibiwa mapema huharibu maungio moja kwa moja. Mpasuko wenye joto, harufu au unaoambatana na homa huashiria maambukizi. Mwenye kisukari pia aangaliwe kwa makini zaidi, maana mguu uliokufa ganzi hauhisi kiatu kinapoujeruhi. Huyo achungulie na kupapasa ndani ya viatu vyake kila asubuhi, na nyayo zake kila jioni.

Anayekwenda kliniki achukue viatu anavyovivaa mara nyingi. Soli iliyolika na mshono uliosimama humweleza tabibu mambo ambayo mgonjwa mwenyewe huenda asikumbuke kuyasema.