Kutoka Bayi hadi Simbu: miaka ya ukame katika riadha yetu ilitoka wapi?

Msikilizaji, Jumatatu ya Septemba 15, 2025 simu ya studio haikupumzika. Tukiwa bado tumelala, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Mkoa wa Singida, alikuwa ameshinda marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha jijini Tokyo. Alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mjerumani Amanal Petros alipewa muda huohuo, na ilibidi picha ya mstarini itazamwe ili mshindi ajulikane. Tofauti yao ilikuwa sekunde 0.03. Hakuna Mtanzania aliyewahi kuwa bingwa wa dunia katika mashindano hayo kabla yake.

Katikati ya ujumbe wa pongezi ukaingia mmoja kutoka kwa msikilizaji wa upande wa Rhotia: "Mtangazaji, tumefurahi. Lakini miaka yote hii tulikuwa wapi?"

Siku ile sikuwa na jibu la kutosha hewani. Makala haya ni jibu langu. Nayaandika kama mtangazaji, ila pia kama shabiki. Na shabiki wa mchezo wowote, uwe mpira, ngumi au mieleka, anaijua ile miaka ambayo unafungua redio kwa mazoea tu, huku moyoni umeshakata tamaa.

Tulikotoka

Tuanzie nyumbani. Filbert Bayi alizaliwa hapa Karatu Juni 1953, wakati Karatu bado ni sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Februari 2, 1974, akiwa na miaka 20, alisimama kwenye mstari wa mita 1,500 mjini Christchurch, New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola.

Wakati ule wakimbiaji wengi wa mbio hizo walikuwa wakiviziana hadi mzunguko wa mwisho. Bayi alitoka mbele tangu mwanzo na hakurudi nyuma. John Walker, mwenyeji wa New Zealand, alimfukuza hadi mwisho asimpate. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16, rekodi mpya ya dunia. Kasi ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata Walker, aliyekuwa wa pili, alikimbia chini ya rekodi ya zamani.

Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi akavunja na rekodi ya dunia ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0.

Hakuwa peke yake. Mzee John Stephen Akhwari wa Mbulu ndiye yule aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akafungwa bandeji na kuendelea. Alimaliza wa mwisho kati ya watu 57 waliofika, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, na dunia ikamkumbuka kuliko wengi waliomtangulia. Gidamis Shahanga wa Katesh alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, kisha mita 10,000 mwaka 1982. Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York mwaka 1989, na alikuwa wa pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988 hadi 1990.

Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 ndiyo iliyotupa medali mbili za fedha. Suleiman Nyambui alizipata mita 5,000. Bayi alizipata mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, baada ya kuongoza kwa umbali mkubwa na kupitwa na Bronisław Malinowski wa Poland mzunguko wa mwisho.

Shabiki mkweli akubali jambo moja: Moscow ilisusiwa na nchi nyingi, Kenya ikiwemo. Lakini akumbuke na la pili: mwaka 1976 Tanzania na nchi nyingine za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na Afrika Kusini ya makaburu. Bayi alikuwa katika ubora wake. Dhahabu ya mita 1,500 ilikwenda kwa yuleyule Walker.

Ukame wenyewe

Sasa tuhesabu. Tangu Moscow 1980 hadi Olimpiki ya Paris 2024, Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki, si ya riadha wala ya mchezo mwingine wowote. Hiyo ni miaka 44.

Mashindano ya Dunia ya Riadha yalianza mwaka 1983 mjini Helsinki. Tulisubiri hadi mwaka 2005, mjini Helsinki hapohapo, ndipo Christopher Isegwe akapata fedha ya marathoni. Mwaka huohuo Fabiano Joseph akawa bingwa wa dunia wa nusu marathoni, mashindano yanayofanyika peke yake. Mwaka 2006 Samson Ramadhani akashinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mjini Melbourne. Tukadhani mvua imerudi.

Haikurudi. Jumuiya ya Madola ya 2010, 2014 na 2018 tulirudi mikono mitupu. Medali iliyofuata ya Mashindano ya Dunia ilikuwa shaba ya Simbu mjini London mwaka 2017, miaka 12 baada ya Isegwe.

Nakumbuka miaka hiyo. Babu yangu alikuwa akisikiliza taarifa ya michezo nyakati za Olimpiki akiwa ameshika redio sikioni, anangoja jina la Tanzania. Taarifa ikiisha anazima, anasema, "Watakuwa wamesahau kututaja." Tulikuwa tunacheka. Nikiwa mtu mzima ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa anatania.

Kwa nini tulidhoofika

Watu hutoa sababu rahisi: vijana wa siku hizi wavivu, wanapenda simu. Mimi sikubali. Karatu mjini bado ni zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kuelekea ukingo wa Kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,200. Hewa ni ileile iliyomlea Bayi. Watoto wa Endabash na Mbulumbulu bado wanakwenda shule kwa miguu. Vipaji havikuhama. Kilichokatika ni mnyororo wa kuvipokea, nao ulikatika sehemu tatu.

Ya kwanza ni shule. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari yalisimamishwa kwa muda, yakaja kurejeshwa baadaye. Nilikuwa shule ya msingi. Darasani kwetu kulikuwa na msichana aliyekuwa akiwaacha wavulana wote, tena akikimbia peku. Mwalimu alikuwa ameshasema mwaka ule atampeleka wilayani. Safari haikuwepo. Alimaliza darasa la saba, akaolewa mapema, na leo tukikutana sokoni tunazungumzia bei ya vitunguu. Sijui angefika wapi. Hakuna aliyepata nafasi ya kujua, na hilo ndilo linaloniuma. Mtoto mwenye miaka 12 mwaka 2001 alikuwa na miaka 23 mwaka 2012, umri mzuri kabisa wa Olimpiki. Tulipokuwa tunalaumu timu ya mwaka 2012, tulikuwa tunavuna shamba ambalo halikupandwa.

Ya pili ni ajira. Zamani mashirika ya umma yalikuwa na timu za michezo. Mkimbiaji aliajiriwa, akapata mshahara na muda wa mazoezi. Miaka ya 1990 mengi yalibinafsishwa au kufungwa, na timu zikafa nayo. Kilichobaki imara ni majeshi. Tazama: Bayi alikuwa mwanajeshi, Ikangaa alikuwa mwanajeshi, Simbu ni mwanajeshi wa JWTZ. Si bahati. Mkimbiaji anahitaji kula, kulala na kutibiwa kwa miaka kadhaa kabla hajashinda chochote. Anayelima mchana kutwa ili ale, jioni hana miguu ya mazoezi.

Ya tatu ni uwanja. Mbio za mita 800 na 1,500 zinahitaji njia ya kukimbilia iliyopimwa, kocha mwenye saa, na wapinzani wa kukusukuma kila baada ya wiki chache. Marathoni inahitaji barabara, na barabara tunazo.

Marathoni imetuficha

Hapa ndipo ninapotaka msikilizaji anielewe vizuri. Miaka ya karibuni tuna habari njema nyingi. Desemba 2022 Gabriel Geay alikimbia marathoni ya Valencia kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 0, akawa wa pili. Mwaka 2023 alikuwa wa pili Boston, mbele ya Eliud Kipchoge. Mwaka huohuo Magdalena Shauri alikuwa wa tatu Berlin. Kisha ikaja dhahabu ya Simbu.

Lakini angalia: zote ni za barabarani. Muda wa Bayi wa mwaka 1974 katika mita 1,500 bado ndio rekodi ya taifa, zaidi ya nusu karne sasa. Jumuiya ya Madola yenyewe iliivunja rekodi yake ya mashindano mwaka 2022, baada ya miaka 48. Sisi wenye mtu wetu bado hatujaivunja.

Sababu ni pesa. Mbio za barabarani zina zawadi, na kijana wa miaka 17 anaona mwenzake amerudi na pikipiki. Anaruka mbio za uwanjani, anakwenda moja kwa moja kwenye kilomita 21 au 42. Wakimbiaji wengi wakubwa wa marathoni walijenga kasi kwanza kwenye mita 5,000 na 10,000. Anayeanzia mwisho huchoka au kuumia mapema.

Kwa hiyo dhahabu ya Tokyo haijamaliza ukame. Imetuonyesha kwamba maji yapo chini. Kisima bado hakijachimbwa.

Majirani walifanyaje

Uganda ilipata dhahabu ya Olimpiki mwaka 1972 kupitia John Akii-Bua, kisha ikakaa miaka 40 bila nyingine hadi Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni ya London 2012. Hawakuishia barabarani. Agosti 2021, Tokyo, Peruth Chemutai alishinda mita 3,000 za viunzi na maji, na Joshua Cheptegei akashinda mita 5,000. Wengi wa wakimbiaji wao wanatoka nyanda za juu za Mlima Elgon, watu wa mlimani, wakulima na wafugaji, kama sisi.

Kama mtoto wako anakimbia

Niulizwe nini mzazi wa Karatu au Ngorongoro afanye, nitasema haya:

Mwulize mwalimu kuhusu UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Huo ndio mlango wa kwanza. Shule isipopeleka watoto, uliza kwenye mkutano wa wazazi kwa nini.

Usimpeleke mtoto marathoni. Kanuni za riadha za dunia haziruhusu aliye chini ya miaka 20 kushindana marathoni kwenye mashindano ya dunia. Mtoto akimbie mbio fupi na za kati, ajenge kasi.

Mtafute afisa michezo wa halmashauri yako akuelekeze kwenye klabu iliyosajiliwa. Akitokea mtu anayetaka kumsafirisha kijana wako nje kwa mbio, mkataba usomwe na mtu anayeelewa kabla ya kidole kuguswa wino.

Na binti asiachishwe mazoezi kwa sababu amevunja ungo. Huko ndiko tunakopoteza wengi, na hakuna anayewahesabu.

Mzee Bayi mwenyewe hakukaa na medali zake ukutani. Alifungua shule, akatumikia Kamati ya Olimpiki Tanzania kwa miaka mingi, na taasisi yake imekuwa ikiandaa tamasha la michezo hapahapa Karatu. Aliyekimbia mbele peke yake mwaka 1974 bado anageuka nyuma kutazama nani anakuja.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Rhotia, tulikuwa wapi? Tulikuwa hapahapa, tukisimulia habari za Bayi huku watoto wakipita mbele yetu mbio kwenda shule, na hatukuwatazama. Kesho asubuhi ukimwona mmoja anawaacha wenzake kwenye kilima, usiishie kusema "anakimbia kweli huyu". Muulize anaitwa nani, na anasoma wapi. Kisha mpigie mwalimu wake.