Unafuu wa Kuazima: Historia Fupi ya Maunzi ya Kuendesha Nyumba Kiotomatiki, 1966–2022

Mijadala kuhusu mifumo ya kuendesha nyumba kiotomatiki, yaani kuwasha taa, kudhibiti joto au kusimamia pampu kwa maagizo ya kompyuta, mara nyingi huishia kwenye bei ya kifaa dukani. Makala haya yanadai kuwa historia inaelekeza kwenye swali jingine. Kwa sehemu kubwa, maunzi nafuu ya kazi hii hayakubuniwa kwa ajili ya nyumba. Yalitokana na ziada ya shughuli nyingine. Unafuu wake, basi, ni wa kuazima, na cha kuazima kina masharti yake.

Mwaka 1966, mjini Pittsburgh nchini Marekani, mhandisi Jim Sutherland wa kampuni ya Westinghouse alikamilisha nyumbani kwake kompyuta aliyoiita ECHO IV. Iliendesha saa za nyumba, ilidhibiti joto na kutunza orodha ya manunuzi ya familia. Mashine hiyo, yenye uzito wa takribani kilo 360, ilijengwa kwa vipuri vya ziada vya kompyuta za viwandani. Miaka mitatu baadaye, kompyuta ya jikoni ya Honeywell ilitangazwa katika orodha ya bidhaa za duka la Neiman Marcus kwa dola 10,600. Hakuna ushahidi kwamba ilipata mnunuzi. Nyumba moja ilipata kompyuta kwa kuwa kiwanda kilikuwa kimekwisha kulipia vipuri vyake. Nyingine zilitakiwa kulipa gharama yote zenyewe.

Hatua ya pili ilianzia Glenrothes, Uskoti, ambako mwaka 1975 kampuni ya Pico Electronics ilibuni mfumo wa X10. Maagizo yalipitishwa katika nyaya za umeme zilizokwisha kutandazwa ukutani, na vifaa viliweza kupewa anwani 256. Mwaka 1978 bidhaa hizo zilikuwa madukani Marekani. Hapa kilichoazimwa kilikuwa waya, na masharti yake yalionekana mapema: vifaa vya awali havikurudisha jibu, hivyo aliyetuma amri hakuweza kujua kama taa imezimika, na vurugu za umeme kutoka vyombo vingine ziliweza kuipoteza amri njiani.

Hatua ya tatu ni ya bodi ndogo. Tarehe 29 Februari 2012, Raspberry Pi ilianza kuuzwa kwa dola 35, ikiwa na kumbukumbu ya megabaiti 256. Lengo lake lilikuwa kuwafundisha watoto kuandika programu, na chipu yake ya Broadcom ilitokana na soko la vifaa vya picha na video. Programu huria, kama openHAB ya mwaka 2010 na Home Assistant iliyoanzishwa na Paulus Schoutsen mwaka 2013, ziliondoa gharama ya leseni na kuifanya bodi hiyo kuwa moyo wa nyumba nyingi. Hata hivyo, kadi yake ya kumbukumbu haikukusudiwa kuandikwa data usiku na mchana. Ilichakaa, na umeme ulipokatika ghafla faili ziliweza kuharibika. Uhaba wa vipuri ulipoikumba dunia, mtengenezaji alitanguliza wateja wa viwandani. Mwazimaji akawa wa mwisho katika foleni. Wengi waligeukia kompyuta ndogo za ofisi zilizotumika, zenye diski imara zaidi.

Wapo walioazima seva badala ya mashine. Kifaa cha Revolv, kilichouzwa kwa karibu dola 300, kilikoma kufanya kazi mwaka 2016 baada ya kampuni ya Nest, iliyokuwa imeinunua Revolv, kuzima seva zake. Kifaa hakikuwa kimeharibika. Kilichoondolewa ni kile ambacho mnunuzi hakuwahi kukimiliki.

Historia hii ina uzito kwa sera za Afrika Mashariki. Mwaka 2009 serikali ya Uganda ilitangaza marufuku ya kuingiza baadhi ya vifaa vya umeme vilivyotumika, kompyuta zikiwemo. Hofu ya taka za kielektroniki ina msingi, lakini neno “zilizotumika” hufunika tofauti kubwa. Kompyuta ya mezani inayotumia wati 60 mfululizo hula yuniti 525.6 za umeme kwa mwaka. Kompyuta ndogo ya ofisi ya wati 10 hula 87.6, bodi ya wati 5 hula 43.8. Zile mbili za kwanza huingia bandarini kwa jina moja, ilhali moja hula umeme mara sita ya nyingine.

Wahenga walisema rahisi ni ghali. Kwa maunzi ya nyumbani, ughali huo hujificha mahali panapoweza kupimwa. Vigezo vinavyotokana na historia hii ni vitatu: umeme unaotumika kifaa kikiwa kimetulia, uwezekano wa kubadilisha diski bila kutupa mashine nzima, na uwezo wa kufanya kazi intaneti inapokatika au kampuni inapofunga seva zake. Kiwango cha ununuzi au cha forodha kinachouliza umri wa mashine pekee, au bei yake pekee, hakigusi hata kimoja kati ya hivyo.