Takwimu za kiwandani: mashine ya alizeti inapoteza mafuta wapi?

Kwa wasikilizaji wetu wa Singida, Dodoma na maeneo mengine ya kanda ya kati, kiwanda kinachojulikana zaidi ni mashine ya kukamua alizeti. Ukisikia "uchambuzi wa takwimu" unaweza kudhani ni mambo ya kampuni kubwa za mjini. Makala haya yanaueleza kwa kutumia mashine hiyo hiyo, kwa sababu kiasi cha mafuta kinachotoka kwenye kila tani ndicho kinachoamua kama mwenye mashine anaweza kumlipa mkulima vizuri, au kama atafunga kabla ya msimu kwisha.

Kazi inaanzia kwenye mizani. Kila zamu ipime mbegu zinazoingia, mafuta yanayotoka na mashudu. Iandikwe pia mita ya umeme ilisoma ngapi mwanzo na mwisho, na mashine ilisimama saa ngapi, kwa sababu gani. Wengi huhesabu madumu ya mafuta tu. Mashudu hayapimwi, na humo ndimo fedha inamopotelea.

Tuchukue mfano. Umeingiza mbegu kilo 1,000. Umepata mafuta kilo 280, yaani kama lita 304, kwa kuwa lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa takribani kilo 0.92. Mashudu ni kilo 680. Jumla ni 960. Kilo 40 zimekwenda wapi? Baadhi ni maji yaliyotoka kama mvuke, nyingine ni uchafu na tope lililobaki kwenye chujio. Lakini kama kwa kawaida zinapotea 40 na leo zimepotea 90, kagua mizani, tafuta palipomwagika, au uliza kama kuna dumu lililotoka bila kuandikwa.

Sasa rudi kwenye yale mashudu. Tuseme maabara imeyapima na kukuta asilimia 12 ya uzito wake ni mafuta. Hizo ni kama kilo 82. Ukiweza kuyashusha hadi asilimia 8, unapata lita 32 zaidi kwa kila tani, kwa mbegu zile zile.

Swali gumu ni hili: leo mafuta yamepungua, je, kuna tatizo au ni kawaida tu? Mwaka 1924 Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi Western Electric, kampuni ya Marekani iliyotengeneza vifaa vya simu, alibuni chati ya kujibu swali la namna hiyo. Baadaye W. Edwards Deming alifundisha njia hiyo Japani, kuanzia mwaka 1950, na viwanda vya huko vikaishika kwelikweli.

Kikokotoo cha simu kinatosha. Chukua lita ulizopata kwa kila tani katika siku 20 zilizopita, utafute wastani. Kisha tafuta tofauti kati ya kila siku na iliyotangulia, bila kujali imepanda au imeshuka, nazo uzipatie wastani wake. Huo wa pili uuzidishe kwa 2.66. Tuseme wastani wa mafuta ni lita 300, na wastani wa tofauti ni lita 6. Ukizidisha unapata kama 16. Basi siku yoyote iliyo kati ya lita 284 na 316 ni ya kawaida, usimfokee mtu. Ikishuka chini ya 284, simamisha kazi utafute sababu. Vilevile, siku nane mfululizo zikiwa chini ya wastani, kuna kitu kimebadilika hata kama hakuna siku iliyovuka mpaka.

Namna mafuta yanavyoshuka nayo inasema jambo. Yakishuka polepole kwa wiki kadhaa, mara nyingi skrubu ya kukamulia imelika. Yakishuka ghafla baada ya mvua, shuku unyevu wa mbegu: zikiwa na maji mengi hazikamuki vizuri, na zikikauka kupita kiasi nazo ni tatizo. Mashudu yakianza kutoka manene na yenye mafuta, kagua nafasi ya kutokea mashudu, huenda imelegezwa mno. Na kama kushuka kunatokea kwa mbegu za kijiji kimoja tu, inawezekana ni aina ya mbegu. Chotara nzuri hufikia asilimia 40 ya mafuta au zaidi, nyingine ziko chini sana. Ndiyo maana daftari liwe na safu ya kuandika mbegu zilikotoka.

Deming alisisitiza kwamba makosa mengi kiwandani yanatokana na mfumo mzima, si uvivu wa mfanyakazi. Nakubaliana naye. Daftari likigeuzwa fimbo ya kukata mishahara, vijana wa zamu wataandika namba za kumfurahisha tajiri, na hesabu zote hizi zitakuwa bure.

Na wewe mkulima unayekamulisha mbegu zako, namba hizo ni zako pia. Omba uandikiwe kilo za mbegu, lita za mafuta na kilo za mashudu. Kama makubaliano ni mashudu yabaki kwa mwenye mashine, hakikisha yamepimwa mbele yako kwanza, kwa sababu ni chakula cha ng'ombe na kuku, na yana bei yake sokoni.