Mtumaji Asiyewajua Wasikilizaji Wake

Fundi anayesanidi multikasti, yaani kutuma nakala moja kwa kundi zima la wasikilizaji, leo huandika mistari michache tu. Anawasha usambazaji wa makundi, anaweka PIM, itifaki ya ruta ya kuyapelekea makundi pakiti, kwenye kila kiungo, anataja anwani ya kituo cha makutano, kisha anahakikisha swichi inadukiza IGMP, itifaki ambayo msikilizaji hutumia kujiunga na kundi. Ni kazi ya dakika kumi iliyochukua zaidi ya miaka ishirini ya mabishano.

Yalianzia Chuo Kikuu cha Stanford. Steve Deering, mwanafunzi wa David Cheriton, alishughulika na mfumo endeshi uitwao V, ambamo kompyuta moja ilihitaji kusema na nyingine kadhaa kwa mpigo. Kwenye waya mmoja wa Etherneti hilo lilikuwa rahisi. Pakiti zilipofika kwenye ruta, zikakwama. Desemba 1985 wawili hao walitoa pendekezo lao, na Agosti 1989 Deering akachapisha waraka RFC 1112. Anwani za 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255 zikatengwa kwa ajili ya makundi. Atakaye kusikia anajiunga, na mtumaji hutoa nakala moja bila kujua nani anasikiliza.

Umaskini nao uliacha alama. Ili kila kundi lipate anwani yake ya Etherneti, yalihitajika mafungu 16 ya anwani, na kila fungu liliuzwa dola 1,000. Inasimuliwa kwamba Jon Postel, msimamizi wa namba za intaneti, alinunua moja tu, akamgawia Deering nusu yake. Ndiyo maana hadi leo makundi 32 yanabanana kwenye anwani moja, na fundi anayejichagulia 239.0.0.1 hujikuta amegongana na 224.0.0.1, kundi la kila mashine.

Machi 1992, mkutano wa wahandisi wa IETF mjini San Diego ulirusha sauti yake kwenye vituo 20 katika mabara matatu. Ruta za wakati huo hazikujua multikasti, hivyo kompyuta za kawaida zilifanywa ruta na kuunganishwa kwa mahandaki juu ya intaneti. Mtandao huo, MBone, ulitumia itifaki ya DVMRP: mwaga kila mahali kwanza, pogoa matawi yasiyotaka baadaye. Novemba 1994 kundi la Rolling Stones lilirusha humo sehemu ya onyesho lake la Dallas. Kabla halijaanza, bendi ya wahandisi, Severe Tire Damage, ilijipenyeza na kupiga muziki wake bila kualikwa. Watazamaji walicheka. Mwenye kampuni ya mtandao, nadhani, hakuwa na la kuchekea: kama yeyote anaweza kutuma kwa kundi lolote, bili atalipa nani?

PIM ya mwaka 1997 ilijibu nusu ya swali. Haichori ramani yake. Huazima ile ambayo ruta tayari inayo, na katika hali yake ya uhaba haimpi mtu asichoomba. Wasikilizaji na watumaji hukutanishwa kwenye ruta moja iliyotajwa. IGMPv3, mwaka 2002, ikamwezesha msikilizaji kumtaja mtumaji anayemtaka. Lakini intaneti ya umma ilikwisha kushika njia nyingine, ya kupanga seva karibu na watazamaji. Mwaka 2020 RFC 8815 ikashauri kwamba multikasti ya mtumaji yeyote isivuke tena mipaka kati ya mitandao. Imebaki uani, na huko imenawiri: televisheni za watoa huduma, bei za masoko ya hisa, kamera za ulinzi.

Swichi zenyewe zilichelewa kuingia hadithini. Kwa asili haziyajui makundi. Humwaga pakiti zake kwenye poti zote. Watengenezaji wakazifundisha kusoma barua za IGMP zisizoandikiwa wao, utovu wa adabu ambao IETF iliuwekea maelezo mwaka 2006, ukiwa umeshaenea. Hapo ndipo mafundi wengi hunaswa. Swichi hukumbuka msikilizaji iwapo kuna anayeendelea kuuliza, na kwa kawaida muulizaji ni ruta, kila sekunde 125. Kwenye mtandao wa kamera usio na ruta hakuna anayeuliza. Picha inakuja safi, fundi anakusanya vifaa vyake, na baada ya sekunde 260 hivi skrini inaganda. Atabadilisha kebo, ataiwasha upya kamera, picha itarudi kwa dakika nne nyingine. Tiba ni mstari mmoja: kuiagiza swichi iulize yenyewe.